Kaseti ya Pili ya Machibya

Ukitaka kumfukuza Machibya barazani, muulize kama inafaa mtu kununua kaseti ya nyongeza kwa mchezo ambao tayari anao. Hatakujibu. Ataangalia viatu vyake, atakumbuka ghafla kwamba kuna mahali anahitajika, na ataondoka akiacha kahawa yake nusu kikombe. Vijana wa mtaa wetu wa Mabatini, hapa Mwanza, walilijua hilo mapema, na kwa kuwa vijana hawana huruma, walimuuliza kila walipomwona. Mimi nitawajibia. Nilikuwa jirani yake ukuta kwa ukuta, mkewe Kija ni rafiki yangu, na kisa hiki nakijua ndani nje.

Machibya alikuwa mtunza ghala. Ghala lenyewe lilikuwa la pamba, la chama cha ushirika, ambalo msimu wa mavuno malori yalipanga foleni mpaka barabarani. Kazi yake ilikuwa kuwaambia makuli robota lipi likae wapi, ili lile litakalotakiwa kwanza lisizikwe nyuma ya yale yatakayotakiwa mwisho. Alivaa koti la kaki, aliongea kwa sauti ya juu, na makuli walimwogopa kidogo, jambo lililompendeza kuliko mshahara. Halafu ikaja habari ya soko huria. Wanunuzi binafsi wakaingia vijijini na fedha taslimu, chama kikabaki na maghala makubwa na pamba kidogo, na mwisho na maghala matupu. Ghala tupu halihitaji mtunzaji. Machibya akapunguzwa pamoja na wenzake, akapewa kiinua mgongo na turubai moja kubwa la kijani ambalo mkubwa wake alimwambia alichukue tu, maana hakuna tena cha kufunika.

Kile kiinua mgongo alikinunulia televisheni na mtambo wa gemu, ule unaochomekwa kaseti kwa juu. Ilikuwa biashara, alisema. Watoto wa mtaa watalipa kidogo kidogo wacheze, naye atakaa kando akipokea. Hesabu ilikuwa nzuri kwenye midomo. Ila mtambo ule ulikuja na kaseti moja iliyokuwa na mchezo mmoja ambao watoto hawakuupenda, na Machibya akaupenda mpaka akasahau biashara.

Ulikuwa mchezo wa fumbo. Ndani ya televisheni kuna ghala, na ndani ya ghala kuna kijitu chenye kofia. Kuna masanduku yamezagaa, na kuna alama sakafuni zinazoonyesha kila sanduku likae wapi. Kijitu kinaweza kusukuma tu, hakiwezi kuvuta. Ukilisukumia sanduku kwenye kona, basi, hilo limekwama mpaka kiama, uanze upya. Ukipanga yote sawasawa unafunguliwa ghala jingine gumu zaidi. Mwanamume aliyefukuzwa ghalani akakutana na ghala lisilofukuza mtu, mnategemea nini? Alikaa mbele ya kioo kile tangu Kija anapokwenda sokoni mpaka anaporudi. Alikuwa akiongea nacho: "Wewe, lile la nyuma kwanza! Usifunge njia! Ukifunga njia umekufa!" Sisi majirani tulisikia yote, na mwanzoni tulicheka.

Nani alikuwa akiwalisha? Hapo ndipo pana uchungu wenyewe. Mama yake Kija, Bi Bernadeta, alikuwa mkulima wa mpunga huko Magu. Kila baada ya muda alikoboa, akapakia magunia ya mchele kwenye lori linalokuja Mwanza, Kija akauza sokoni, akamrudishia mama mtaji, na kilichobaki kikawa ugali, sabuni na ada ya mtoto wao Venant aliyekuwa shule ya bweni. Kwa lugha nyepesi, Machibya alikuwa akilishwa na mkwe wake. Kwa Msukuma aliyelelewa vizuri hilo si jambo la kusema mbele za watu. Mkwe ni mtu wa kuheshimiwa kwa mbali. Humtazami usoni, huli naye, mkikutana njiani mmoja anatoka pembeni na kugeuza uso mpaka mwenzake apite, na mkiwa na neno la kuambiana linapitia kwa binti. Sasa mtu huyo huyo usiyethubutu kumtazama ndiye anayejaza sufuria lako.

Kwa hiyo Machibya alitaka jambo moja tu duniani, nalo ni kwamba mkwe asijue. Alimwomba Kija amwambie mama kwamba amehamia kwa wanunuzi binafsi, anawatunzia ghala lao. Kija hakupenda kumdanganya mama yake, lakini alimpenda mumewe, na alimwonea huruma pia. Akasema. Mama akafurahi, akaongeza mchele.

Kitu kimoja nimpe haki yake: kazi ya kupokea mchele aliifanya vizuri. Lori lilipokuwa linafika, yeye alikwishafika stendi na mkokoteni wa kukodi na lile turubai lake la kijani. Aliyapanga magunia kama marobota, akayafunika, akafunga kamba pande zote, na hata mvua ya aina gani ikinyesha, mchele wa Bi Bernadeta ulifika Mabatini mkavu. Kija alijivunia hilo. Wanawake wengine sokoni walikuwa na waume wenye kazi, lakini mchele wao ulikuwa na ukungu.

Siku moja Machibya akalimaliza ghala la mwisho la mchezo wake. Kioo kikatoa fataki, kijitu kikarusha kofia juu, kisha kikarudi mwanzo kabisa, kwenye lile ghala la kitoto la masanduku mawili. Alikaa pale akiangalia. Kija aliniambia kwamba jioni hiyo hakula, na alipomuuliza kama anaumwa alijibu, "Wamenipunguza tena."

Wiki ile ile habari ikafika barazani kwamba Iqbal ana kaseti ya pili. Huyu Iqbal ana duka mjini, la redio, magodoro na mitambo hii ya gemu. Babu yake aliletwa na biashara ya pamba, yeye amezaliwa hapa hapa, na Kisukuma chake kinawashinda watoto wetu. Kaseti ya pili ilikuwa na maghala mapya ya mchezo ule ule. Haichezi peke yake. Lazima uwe umepitia ya kwanza ndipo uielewe, na lazima uilipie upya.

Barazani mbele ya saluni ya Ally kinyozi, mtu wa Tabora, mjadala ukawaka. Vijana walisema inafaa: umeshaupenda mchezo, umeumaliza, anayekuongezea anastahili chake. Ally alikataa.

"Nimekuuzia ng'ombe, ukafika nyumbani ukakuta hana mkia. Kesho nikuletee mkia kwa bei yake. Utaniita mfanyabiashara au mwizi?"

Aliyempita Ally kwa ukali alikuwa Machibya mwenyewe. Alisimama kabisa. Alisema kwamba mtu mzima anayenunua nusu ya pili ya kitu alichokwisha kulipia ni mjinga asiyestahili kuoa. Alisema mchezo ukiisha umeisha, kama maisha, na kwamba yeye hata akipewa bure kaseti hiyo ataifanya kigingi cha kufungia mbuzi. Watu walipiga makofi. Mimi nilikuwa nachambua mchicha mlangoni kwangu, nikajisemea, huyu anajizuia mwenyewe kwa kelele.

Hazikupita siku nyingi akaenda kwa Iqbal. Fedha hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni turubai. Iqbal alilikunjua, akalinusa, akapapasa mishono yake.

"Mzee Machibya, turubai hili ni zuri. Una hakika?"

"Nipe kaseti, ndugu yangu. Na usimwambie mtu."

"Mimi nauza vitu, siuzi habari," Iqbal akasema, na kweli hakusema. Alimwekea kaseti kwenye mfuko mweusi wa nailoni.

Tangu hapo Machibya akawa anafunga mlango wa mbele kwa komeo, anashusha pazia, na watoto wachache waliokuwa bado wanakuja kulipa aliwafukuza. Aliogopa Ally asione kaseti. Kwa hofu hiyo ya kuchekwa na kinyozi ndiyo akajichimbia shimo lililo refu kuliko la kicheko.

Ilikuwa masika. Kija aliamka mapema akaenda sokoni, na kabla ya kutoka alimkumbusha, "Baba Venant, leo lori la Magu linaingia mchana. Safari hii mama mwenyewe anakuja nalo, gunia la mwisho lilifika limetobolewa. Akishuka nenda naye kwa mbali, mimi nitawahi kurudi." Machibya akasema sawa. Alikuwa anajua vizuri kabisa. Tena alipanga acheze ghala moja tu kabla ya kutoka, na ghala lile lilikuwa na masanduku yamekaa kwa namna ambayo kila ukisogeza moja linafunga mengine mawili. Anayejua michezo hii anajua kinachofuata. Ukikaribia kupata, unapoteza, na ukipoteza huwezi kuondoka.

Bi Bernadeta alishuka stendi, akasimama kando ya magunia yake, akageuzia mgongo upande ambao mkwe angetokea ili amrahisishie. Mkwe hakutokea. Wingu likapanda kutoka ziwani. Mwisho akakodi mkokoteni mwenyewe, akauliza njia kwa kusema anakwenda kwa mama Venant, muuza mchele. Wakafika Mabatini mvua ikianza matone makubwa. Mwenye mkokoteni akashusha magunia mbele ya mlango, akakimbilia zake.

Sasa sikilizeni desturi, maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini mama mzima asigonge mlango. Mlango uko, na mkwe yuko ndani, peke yake. Akipiga hodi, nani amkaribishe? Mkwe? Akaingie, wakae wawili chumba kimoja, wakitazamana? Haiwezekani. Mama mwenye heshima anasimama nje, anakohoa. Mkwe ndani akisikia kikohozi anaelewa, anatokea mlango wa uani, anakwenda zake mpaka binti arudi. Nyumba inakuwa wazi, mama anaingia. Hivyo ndivyo wanavyofanya, na hakuna mtu anayeaibika.

Bi Bernadeta akakohoa.

Mvua ilikuwa inapiga bati. Muziki wa gemu ulikuwa unapiga pia. Akakohoa tena, kwa nguvu. Mimi sikuwapo, nilikuwa kwa dada yangu Buswelu, lakini Ally aliona yote akiwa saluni kwake ng'ambo ya njia, na mkasi mkononi. Anasema mama yule alivua kitenge cha juu akatandaza juu ya gunia la kwanza, akafungua kilemba akatandaza juu ya la pili, na yeye mwenyewe akalalia la tatu kwa kifua. Na alipopata nafasi kati ya ngurumo alikohoa.

Ndani, Machibya akasikia. Akafikiri ni Ally. Akafikiri kinyozi amenusa habari ya kaseti, amekuja kumkoholea dirishani kwa dhihaka. Aibu ikampanda, na hasira ikaipandia aibu mgongoni.

"Kohoa!" akapaza sauti. "Kohoa mpaka uteme mapafu, mzee mchafu! Ondoka mlangoni kwangu, hapa watu wako kazini!"

Bi Bernadeta akaacha kukohoa. Ally akavuka njia mbio na mwavuli, akamwambia, "Shikamoo mama. Njoo kwangu, huku nje utakufa. Ngoja nimgongee huyu mwendawazimu."

"Marahaba, baba. Mwache," mama akasema. "Mwenye nyumba yuko kazini. Amesema mwenyewe."

"Kazini? Mama, huyo—"

"Nimemsikia," akasema, na kweli ndani ilisikika sauti ya amri: hilo la nyuma kwanza, pita kushoto, usifunge njia. "Nenda na mwavuli wako, baba. Mchele siuachi."

Kija akarudi mvua ikiwa imepungua. Akamkuta mama yake ameketi matopeni kichwa wazi, nywele zake za mvi zimeshikana kwa maji, amekumbatia gunia. Kija alipiga mlango kwa ngumi zote mbili na kuliita jina la mumewe, jina lenyewe la Machibya, kitu ambacho hakuwahi kukifanya tangu aolewe. Komeo likavutwa. Machibya akajitokeza na fulana iliyotoboka na kaptula ya kulalia, kile kidude cha kuchezea bado mkononi, waya unaning'inia. Mbele yake, hatua chache tu, mkwe wake alikuwa ameinua uso.

Walitazamana. Kija anasema ilikuwa muda mfupi sana, lakini walitazamana. Kisha mama akajifunika uso kwa viganja, maana kitambaa cha kujifunikia kilikuwa juu ya mchele, na Machibya akapita nyumba nzima mbio akatokea uani, akaruka ukuta, akapanda mlimani kwenye yale mawe makubwa. Alikaa nyuma ya jiwe moja mpaka giza likaanza kuingia. Aliponisimulia baadaye alisema kule juu hakuwa anawaza lolote ila kikohozi. Alikuwa anakisikia upya, na safari hii alikisikia vizuri, kikohozi cha mama mtu mzima aliyekuwa anamstahi. "Nilimtukana mkwe," alisema. "Nilimwambia ateme mapafu." Mtu mzima yule alilia mbele yangu, na mimi nikaangalia pembeni kwa sababu sikujua niweke wapi macho.

Bi Bernadeta hakulala pale. Alibadili nguo kwa za binti yake na kurudi Magu na gari la jioni, hakusema neno baya, na hilo ndilo lililomuua Machibya. Mchele waliuanika ndani, sebuleni, kwenye mikeka, mpaka chini ya meza ya televisheni. Haukufaa. Uligeuka manjano na kuanza kunuka, Kija akauuza kwa wafuga kuku.

"Turubai liko wapi?" alimuuliza mumewe akiwa anageuza mchele kwa mkono.

"Limepotea."

Kija akaendelea kugeuza. Siku ya tatu akapita mjini, akarudi, akavua viatu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Turubai letu nimeliona. Linafunika magodoro ya Iqbal."

Mtadhani siku hiyo aliitupa kaseti ziwani. Ningependa niwaambie hivyo. Alikwenda kwa Iqbal kuirudisha, Iqbal akamwambia kwa upole kwamba kaseti iliyochezwa hairudi, na akamuuliza amefika ghala la ngapi. Alirudi nyumbani nayo mfukoni. Kija akienda sokoni, Machibya alikaa dakika chache, kisha akawasha mtambo, akapunguza sauti mpaka ikafa kabisa, akacheza kimya kimya bila kutoa amri hata moja. Alikuwa na aibu huku akisukuma masanduku. Alilimaliza lile ghala lililomgharimu, akayamaliza na mengine. Na kwa kuwa ndilo swali mnalouliza, ngoja niwape majibu aliyonipa mimi. Nusu ya maghala yale yalikuwa yale yale ya kaseti ya kwanza, yamegeuzwa tu, kilichokuwa kushoto kimewekwa kulia. Yaliyobaki mengi yalikuwa ya kawaida. Machache, manne au matano, yalikuwa mazuri kweli kweli, mazuri kuliko yote aliyowahi kupanga hata kwenye pamba halisi. Baada ya la mwisho kijitu kikarusha kofia juu, na badala ya fataki pakatokea picha ya kaseti nyingine, ya tatu.

Aibu yake ingeweza kupoa, kama si habari za Magu. Alikuwa sokoni anamsaidia Kija kubeba, akakutana na Nkwabi, mtu wa kijijini kwa mkwe, aliyekuja kuuza dengu.

"Mwadila, mkwe wetu!" Nkwabi akamsalimu kwa Kisukuma, akamshika mkono kwa mikono miwili. "Tumesikia! Mama Bernadeta ametuambia una kazi kubwa, mpaka siku ya mvua unafanyia nyumbani. Anasema amekusikia kwa masikio yake unavyowaamuru watu."

"Eh," Machibya akasema.

"Mungu akuzidishie. Wengine waliopunguzwa wamekuwa walevi."

Huyo alikuwa wa kwanza. Akaja mwingine kanisani, akaja mjomba wa Kija na salamu. Kila aliyetoka Magu alikuja na pongezi, na kila pongezi Machibya aliipokea kwa mkono wa kulia na kuinamisha kichwa. Alianza kuwakwepa watu wa Magu mitaani. Kukwepa Wasukuma mjini Mwanza ni kazi ya kuchosha, naona heri angetafuta ajira. Alikonda. Kija akaniambia mumewe sasa usingizini anakohoa, na hana kifua.

Mpunga mpya ulipovunwa, Bi Bernadeta akatuma neno kwamba analeta mchele mwenyewe tena. Siku ile neno lilipofika, Machibya alichomoa waya, akafunga mtambo wote na kaseti zote mbili kwenye boksi, akambebea Iqbal.

"Nipe turubai langu."

Iqbal akaangalia boksi, akaangalia turubai juu ya magodoro. "Mzee, hapa unapunjika. Mtambo una thamani kuliko turubai."

"Nipe turubai."

Iqbal akampa. Hakumwongezea kitu, ni mfanyabiashara, lakini alilikung'uta vumbi kwanza na kulikunja vizuri.

Machibya alifika stendi asubuhi, wakati lori lilikuwa la mchana. Alivaa lile koti lake la kaki, limepigwa pasi. Kija alimkuta amesimama kando ya mkokoteni kwenye jua, hajakaa hata kidogo. Lori likaingia. Bi Bernadeta akashuka, akawageuzia mgongo, akajifunika kitenge kichwani. Machibya naye akageuka. Wakawa wamepeana migongo, na Kija katikati, na magunia yakishushwa.

"Kija," mama akasema, akiangalia upande wa barabara ya Magu. "Muulize mwenzio, leo kazini wamemruhusu?"

Kija akamtazama mumewe. Shingo ya Machibya ilikuwa imelowa jasho. Angeweza kusema ndiyo. Lilikuwa neno moja tu, na Magu nzima ilikwishaliamini.

"Mwambie mama," akasema, "hakuna kazi. Nilipunguzwa zamani. Siku ile nilikuwa nacheza mchezo wa watoto kwenye televisheni. Na nilimtukana. Mwambie nilidhani ni mtu mwingine, lakini nilimtukana."

Kija hakurudia, mama alikuwa amesikia. Bi Bernadeta aliweka sawa kitenge chake.

"Mwambie nilijua," akasema. "Nilikuwa mlangoni, ningekosaje kujua? Hakuna mtu aliyekuwa akimwitikia. Mwenye makuli huitikiwa. Nilifika kwangu nimevaa nguo za binti yangu, sina mchele, sina fedha. Watu wakaniuliza, mama, mkweo alikuwa wapi? Alitaka niwaambie nini?"

Machibya alipanga magunia kwenye mkokoteni, zito chini, jepesi juu, akalitandaza turubai na kulifunga kwa kamba pande zote nne. Ilikuwa kiangazi, na juu ya ziwa hapakuwa na wingu hata moja. Watu wa stendi walimshangaa. Kisha akashika vishikio akatangulia mbele, ili wanawake wafuate kwa nafasi yao na mkwe asilazimike kumwona uso.

Walipokaribia Mabatini njia ikawa nyembamba, nyumba zimebanana. Hapo, mbele ya saluni ya Ally na vijana wote wa barazani, mkwe akakohoa huko nyuma. Kikohozi kidogo tu, cha mtu anayetaka kupita. Machibya aliuachia mkokoteni pale pale katikati ya njia, akasogea pembeni, akaweka paji la uso kwenye ukuta wa matofali, na hakugeuka mpaka nyayo za mkwe ziliposikika zimeingia ndani ya nyumba.